Mpimaji Aliyesema Tunakokotolewa

Mpimaji alikuwa analamba mawe. Ukimpa jiwe lolote, la mgodini au la barabarani, alilipangusa kwa shati, akalilamba, akalielekeza kwenye jua, ndipo akazungumza. Alisema jiwe kavu linaficha sura yake, lililolowa haliwezi. Siku ya kwanza mama yangu alipomwona akifanya hivyo mbele ya nyumba yetu pale Ngokolo, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamume anayelamba mawe ama ana njaa ama ana mimba. Mpimaji akageuka, akamwamkia, "Shikamoo mama," akasema njaa anayo. Mama akamkaribisha ugali na mlenda, naye akala amesimama, sahani mkononi.

Hakuwa mtu wa kukaa. Katika miaka yote niliyomfahamu nilimwona ameketi kanisani tu, na hata huko alishika mwisho wa benchi, mguu mmoja nje. Ukimpa kiti alikiegemea kwa kiuno. Ukimwambia apumzike alikuuliza utapumzikaje wakati hujui umesimama juu ya nini. Mimi sina subira na watu wa namna hiyo, kwa kuwa nami ni hivyo hivyo. Tulichoshana tangu mwanzo na hatukuachana.

Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo tulilificha, yeye upande wake na mimi upande wangu, na aliyeumia ni mama. Mdogo wangu Masanja alifia kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, kule Mwakitolyo. Kwa miaka sita mama aliamini kwamba aliyemuua mwanawe ni yeye, kwa kumpa kuku mbovu. Mimi nilijua sivyo. Nilimwona akilia, nikampa maji, nikanyamaza. Habari za kuku nitazieleza zikifika mahali pake, kwanza mumjue mtu huyu.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kuumba milima. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mgodi mmoja mkubwa upande wa Geita, na mkataba ulipokwisha akaja Shinyanga na kompyuta moja, viatu vya chuma na sanduku la vipande vya mwamba. Alipanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wachimbaji wa Mwakitolyo walimwita Mpimaji, sisi tukafuata, na jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, siku alipoandikishwa kwenye jumuiya.

Jumamosi moja nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya fizikia. Akaja na kompyuta yake, akaiweka juu ya madaftari bila kuuliza.

"Mwalimu, tazama hapa."

Nikaona mlima uliokatwa vipande vidogo vidogo, visanduku maelfu, vyekundu, vya njano, vya bluu. Alikuwa anatafuna matobolwa, vile viazi vikavu mama anavyochemsha, na mkono mwingine anaugeuza ule mlima upande huu na ule.

"Kila kisanduku kina namba yake," akasema. "Dhahabu kiasi gani, jiwe gumu kiasi gani."

"Umefika huko chini ukaona?"

"Hajafika mtu. Tumechoronga shimo hapa, na hapa, na hapa. Katikati yake kompyuta inatazama majirani wa kisanduku, inakipa namba."

"Inabuni."

"Inakokotoa," akasema, kidogo amechukia. Kisha akabonyeza mahali, ukuta wa mlima ukaporomoka polepole mbele yangu bila sauti. "Haya niambie. Ningeweka mtu pale chini, mwenye akili kama zako, angekimbia?"

"Angekimbia."

"Angejua kwamba mimi huku natafuna viazi?"

"Hangejua."

"Basi wewe umejuaje kwamba hakuna anayetafuna?"

Nilicheka, lakini sikusahihisha daftari hata moja tena mchana ule. Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa fizikia, na huwa sizichanganyi hizo mbili kwenye sufuria moja. Huyu alizichanganya, akakoroga, akaniachia nionje. Kwamba dunia hii na jua lake, pamba na ng'ombe na vumbi la barabara ya Mwadui, inapigwa hesabu mahali fulani na mtu aliye kazini. Na kwamba sisi tumo ndani ya hesabu hiyo tunaamkiana na kuoana.

Kosa langu ni kwamba nilimpa kuni za kuchochea. Nilimweleza kuwa mwanga una kikomo cha mwendo, hakuna kitu kinachoupita. Akapiga paja. Alisema hata mashine ya ofisini ilikuwa na kikomo, na ukiizidishia kazi inajikokota. Nilimweleza tena kwamba vile vipande vidogo kabisa vya maada, vidogo kupita tunavyoweza kuona, havina mahali pamoja pa kueleweka mpaka mtu avipime. Hapo alizunguka uani mara mbili.

"Umeona? Hawachori mpaka utazame. Hata sisi hatukuchora sehemu ambayo bosi haiangalii. Tunaipotezea muda ya nini?"

"Mpimaji, jiwe likiniangukia mguuni linauma, liwe limechorwa lisiwe limechorwa."

"Maumivu nayo ni hesabu."

"Basi hesabu inauma," nikamwambia. Akaenda zake na kompyuta kwapani, na kesho yake asubuhi akarudi kuniambia kwamba hajalala vizuri kwa ajili ya lile neno langu.

Mama yangu ndiye pekee ambaye hayo hayakumshtua. Alisikiliza maelezo yote ya visanduku akiwa anachambua choroko, akauliza kwa Kisukuma chake kilichochanganyika na Kiswahili cha sokoni, "Sasa huyo anayetuwaza, si ndiye Liwelelo, Mungu wa wazee wetu?" Mpimaji akasema inawezekana, ila labda huyo wa kwake ni mfanyakazi tu, ana bosi juu yake. Mama akasema hilo ni la kusikitisha, maana mfanyakazi huchoka. Kisha akamwambia aache kuwatia watu wasiwasi, amle kuku aliyebaki. Mama alikuwa akimpenda. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye liliniuma.

Wachimbaji nao walimtania bila huruma. Akifika Mwakitolyo na karatasi zake walimpokea kwa kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na za midomo. "Mpimaji, waambie wenye kompyuta watuwekee dhahabu juu juu, tumechoka kushuka." Yeye alijibu kwa uso mkavu kwamba amekwisha kuwaandikia, mtandao uko chini. Walimpenda kwa hilo. Walimwita kwenye maduara yao, wakamtandikia gunia akae, naye akasimama pembeni ya gunia.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuweza kulipatanisha. Mtu aliyesema sisi ni namba ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisianguke. Alishuka mwenyewe, na kifua chake kibovu, akagonga gogo moja moja kwa nyundo na kusikiliza. Aliwahi kugombana na mwenye duara mmoja mpaka wakashikana mashati, kwa sababu magogo mawili yalikuwa yameliwa na mchwa. Nilimuuliza, kama ni namba tu, unapigana ya nini? Akaniambia, "Namba nazo zina mama zao, Mwalimu."

Alisali kama mtu anayeripoti kazini. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha kompyuta. Aliwacheka waganga, lakini akipita kuku mweusi njiani alisimama mpaka apite. Alimwambia katekista wetu kwamba ufufuo haumpi shida hata kidogo, ni suala la kuhifadhi nakala, na katekista, mzee mpole kutoka Ushirombo huko huko anakotoka Mpimaji, alikaa wiki mbili akifikiri kama ajibu au amshitaki kwa paroko.

Kitu kimoja hakuweza kukisema, nacho ni neno "sijui". Nilianza kulichukulia kama kichekesho. Tulikuwa tunakwenda msiba Bukombe, na kwenye stendi mtu akatuuliza njia ya kwenda zahanati fulani. Mpimaji alikuwa hajawahi kukanyaga mtaa ule. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanyoosha mkono kwa uhakika kabisa, yule mtu akashukuru akaenda. Nilimuuliza amepajuaje. Akasema zahanati nyingi huwa karibu na maji, na maji yalionekana yako upande ule. Nilicheka njia nzima, na baada ya saa moja tulimkuta yule mtu anatoka upande mwingine, amelowa jasho, anatutazama bila kusema neno.

Sasa habari za kuku.

Kule machimbo watu hawachagui. Mwamba ukipotea chini, yaani ule mshipa wa jiwe lenye dhahabu mliokuwa mnaufuata ukakatika, mwenye duara hutuma watu kwa mfumu, yaani mganga, na siku hiyo hiyo humpigia simu mpimaji. Kuku na karatasi vikikubaliana, mnachimba kwa moyo mweupe. Vikipingana, mnakaa chini mnazungumza, na kwa kawaida mnafuata kuku. Katika duara la Masanja kulikuwa na utaratibu wao: kuku anatoka nyumbani kwa yule atakayevunja jiwe la kwanza. Awe ameanguliwa katika ua wa nyumba hiyo, amelelewa hapo, hajawahi kuazimwa wala kununuliwa. Huyo ndiye atakayemjua mtu wake. Mhusika anamtemea mate mdomoni, mfumu anampasua, anasoma mabawa na matumbo.

Masanja alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa na mke, mtoto mmoja wa kike na meno yaliyoachana mbele ambayo yalimfanya aonekane anacheka hata akiwa amekasirika. Nilimsomesha mimi mpaka kidato cha nne, akafaulu kiasi, akakataa kuendelea. Alisema vitabu ni vyangu na ardhi ni yake. Mwamba ulipopotea, zamu ya kuvunja jiwe la kwanza ilikuwa yake, akaja Ngokolo kumwomba mama kuku. Mama akampa mtetea wa kijivu, mnene, akamfunga miguu kwa kitambaa.

Siku mbili baadaye alinipigia simu. Nilikuwa ofisi ya walimu, saa ya mapumziko, nina kikombe cha chai mkononi.

"Dada, kuku amekataa mashariki."

"Na Mpimaji?"

"Karatasi yake inasema mashariki. Jiwe zima, halina shida, mwamba uko mita chache mbele. Wenzangu wamegawanyika. Mimi ndiye wa kuamua, ni kuku wangu."

Nakumbuka nilikereka. Nilikuwa nimetoka darasani kufundisha namna ya kupima na kuthibitisha, na huyu niliyemsomesha kwa mshahara wangu ananiuliza habari za utumbo wa kuku. Nikamwambia, "Masanja, kuku anajua nini kuhusu mwamba? Huyo ametazama kwa kompyuta. Fuata karatasi."

"Mama atauliza kuku kasemaje."

"Mwambie amekubali. Usimtie presha mtu mzima."

Akacheka, akasema sawa, dada. Akampigia mama akamwambia kuku amekubali. Wakaenda mashariki. Siku ya tatu sururu yake ilipenya mahali ambapo hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mashimo ya watu wa zamani, waliochimba wakaondoka bila kuacha ramani, na miaka yote mvua ilikuwa ikishuka humo. Maji yalitoka kwa nguvu. Wanne walipanda kamba. Masanja na mwenzake mmoja walikuwa mbele, na walipopatikana jioni ile walikuwa wamekwisha kufa.

Mpimaji alikuja msibani, akasimama. Siku zote tatu alisimama kwenye kona ya turubai, mvua ikamnyeshea na hakuingia ndani. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walisema kafara ya mwenye duara. Hakuna aliyeitaja karatasi, kwani kila mtu alijua, kwa kauli ya Masanja mwenyewe kwa mama, kwamba kuku na karatasi vilikubaliana. Wenzake waliojua vingine walitawanyika kwenda machimbo mengine.

Baada ya kuanua matanga mama aliniita jikoni. Alikuwa ameshika kitambaa cha namna ile ile aliyomfungia kuku. Akaniambia ana dhambi ya kuungama na hawezi kumpelekea padri kwa sababu padri atamkaripia habari za mfumu. Yule mtetea wa kijivu hakuanguliwa kwetu. Alimnunua sokoni akiwa kifaranga, miaka miwili nyuma, akasahau, au hakusahau, aliona ndiye mnene. "Hakumjua mwanangu," akasema. "Kuku wa watu. Ndiyo maana alidanganya. Limi, nimemuua mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Kuku alikataa, mama. Kuku wako alisema kweli, mimi ndiye niliyemwambia mwanao asisikilize. Maneno yalikuwa pale yote. Nikasema, "Usiseme hivyo mama, ni kazi ya Mungu." Tangu siku hiyo kila mwaka ulizidi kuyafanya yale maneno kuwa magumu. Nilikuwa naogopa, basi. Niliogopa uso wake.

Mpimaji baada ya hapo alibadilika kwa namna ambayo mtu wa mbali hangeiona. Aliendelea kulamba mawe, aliendelea kugonga matimba, lakini yale mazungumzo yake ya dunia kukokotolewa, ambayo zamani yalikuwa mchezo, yakawa kiu. Alikuwa akinisubiri nje ya shule. Alikuwa na swali jipya kila juma. Je, anayeendesha hesabu kubwa namna hii anaweza kukubali kupoteza kazi yake? Hawezi. Ofisini wao walihifadhi nakala kila Ijumaa. Basi kila aliyekuwepo yupo, amehifadhiwa, siku anayotaka mwenye kazi anarudisha nyuma, anaanzisha upya.

"Masanja yupo, Mwalimu. Nakala yake ipo. Siku moja itaendeshwa tena."

Nilikasirika mara ya kwanza. Nilimwambia asimtumie marehemu wangu kwa majaribio. Lakini sitadanganya, mara ya pili nilisikiliza. Mara ya tatu nilikuwa mimi ndiye niliyeuliza. Unajua jinsi mtu mwenye deni la moyo anavyopenda kuambiwa kwamba siku zitarudi. Nilikuwa nasimama ubaoni, nimeandika fomula nusu, nikifikiri kwamba mahali fulani kuna Jumatano ambayo simu yangu bado haijaita. Nikawa namsubiri Mpimaji nami, nje ya geti, wenzangu wakaanza kusema mengine, na mama akaniuliza kama mtu yule ana nia. Nia alikuwa nayo, sikujua ni ipi.

Hakuwahi kuniambia kuhusu ile karatasi na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na sababu yangu ya kutouliza. Kama angesema kompyuta ilikosea, basi aliyeiamini kompyuta ni nani? Tulizungumza habari za nyota, mwanga na nakala, ili tusizungumze habari za mita chache za mashariki.

Kifua chake kikazidi. Ni vumbi la mawe, alisema daktari, limekaa humo miaka mingi. Akahamia Ushirombo kwa dada yake, akaacha sanduku la vipande vya mwamba kwetu, na mimi nikakaa mwaka mzima bila kwenda kumwona. Likizo ya mwezi wa sita mwaka huu dada yake akapiga simu, akasema kaka anakutaja, kama unaweza njoo. Nikapanda basi la asubuhi kupitia Kahama.

Nilimkuta uani, amesimama. Akilala anakosa pumzi, alisema dada yake, na akikaa ni hivyo hivyo, kwa hiyo ule ugonjwa ulikuwa umempa sababu ya kufanya alichofanya maisha yake yote. Alikuwa ameegemea ukuta, mabega yamebaki mifupa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, dada mtu akatuletea chai akaenda shambani.

Nilidhani tutaanza na nyota. Akasema, "Mwalimu, pale mashariki kompyuta haikuwa na kitu."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Mashimo ya kuchoronga yalikuwa mbali sana. Mashine ilikataa kukokotoa. Iliacha visanduku vitupu, vyeupe, kama mita kumi na tano hivi. Wale vijana walikuwa wamesimama hapo wananitazama. Ningesema sijui. Nilichukua kalamu, nikaunganisha mstari, nikaandika jiwe zima." Akapumzika, akavuta pumzi kwa shida. "Si mashine. Ni mkono wangu. Nimetaka kukuambia miaka sita, nikawa nakuambia habari za nakala."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyokubali. Nilidhani yakija nitamchukia, au nitapona. Chai ikamwagika kwenye sketi, nikaiangalia ikiingia. Kisha nikamwambia langu. Nilimwambia kwamba kuku alikataa. Kwamba Masanja alinipigia, akaniuliza, nami nikamwambia afuate karatasi na amdanganye mama. Kwamba mama mpaka leo analilia kuku aliyemnunua sokoni.

Alinitazama sana. Yeye pia alikuwa hajui habari za kuku kukataa.

"Alikuwa na nafasi ya kutokwenda," akasema.

"Alikuwa nayo."

"Tukamfungia njia wote wawili. Mimi huku, wewe kule."

Yeye alisimama, mimi kwenye kigoda. Mwisho nikamuuliza, nikijisikia mjinga, kuhusu ile nakala. Je, bado anaamini? Siku itarudishwa nyuma, hesabu ianze upya?

"Hilo ndilo linaninyima usingizi," akasema. "Fikiri vizuri. Ikirudishwa, na mimi nimo. Nimesimama palepale na kalamu. Hakuna kilichobadilika kunifanya niseme sijui. Nachora tena ule mstari."

"Na mimi napokea simu," nikasema. "Namwambia afuate karatasi."

"Kila mara."

"Kila mara," nikaitikia, na hapo ndipo nililia, kwa sauti, mbele ya kuta za watu wengine, jambo ambalo sikulifanya msibani.

Aliningoja nimalize. Akauliza, "Mama anajua?"

"Hajui."

"Simu unayo."

Nilimwambia nitamwambia nikifika nyumbani, ana kwa ana, ndiyo heshima. Akasema nimekaa naye nyumba moja ana kwa ana miaka sita. Hakusema kwa ukali. Nikatoa simu, nikaitazama, nikapiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu sikutaka kuwa peke yangu nayo.

Mama alipokea kwa namna yake, akiulizia kwanza basi lilikuwaje, mgonjwa anaendeleaje, nimekula nini. Nikamjibu yote. Kisha nikasema, "Mama, yule kuku alikataa." Nikaendelea bila kupumua, simu ya Masanja, chai ya ofisini, nilichomwambia, uongo niliomfundisha. Mpimaji akasogea karibu na simu, akashika ukuta, akasema, "Shikamoo mama. Na ile karatasi niliandika mimi, sikuwa najua." Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikika.

Upande wa pili palikuwa na redio ya jirani. Ikaimba kidogo, ikaacha.

"Alikataa," akasema mama.

"Alikataa, mama."

"Kuku wa sokoni. Akamwonya mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, na ilipotoka ilitoka vipande vipande. "Kumbe sikumpa kuku mbovu," akasema. Alilisema tena kwa Kisukuma, taratibu, si kwangu. Mpimaji alikuwa amefumba macho. Nikangoja, nikijua kwamba amekwisha kuliweka chini lile la kwake na sasa anageuka kunitazama mimi.

"Limi."

"Abee mama."

"Miaka yote hii uliniona nikilia. Ukanipa maji."

"Ndiyo, mama."

Niliangalia kama simu imekatika. "Panda basi urudi nyumbani," akasema. "Tutazungumza ukifika." Akakata.

Mpimaji aliniambia basi la saa tisa bado sijalikosa. Nilimuaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nikatoka kwenda stendi karibu kwa kukimbia. Sijawahi kuogopa kufika nyumbani namna ile, wala kutaka kufika kiasi kile.